Mifupa ya wafu na hesabu za mashini: Historia ya kupima uti wa mgongo

Swali moja laulizwa mara nyingi siku za kilio, kwa sauti ya chini, katika vijiji vyetu na katika mitaa ya Lubumbashi: «Waganga wa lopitali kubwa wafanya nini na mifupa ya wafu?» Mara nyingi mwalimu wa dini ndiye wa kwanza kuulizwa, na padri huulizwa nyuma yake. Yafaa tuwe na jibu la kweli, wala si la kubahatisha.

Katika kurasa hizi nataka kueleza sehemu moja tu ya jambo hilo, isiyojulikana sana kwetu: ginsi wataalamu wapimavyo nguvu ya mifupa ya mgongo wa wafu, kusudi wajue kama hesabu za ordinatere zao zasema kweli. Tutaangalia kazi hii ilianza wapi, yaendeshwa namna gani, na mwisho mifupa hiyo ilikuwa ya nani. Swali hilo la mwisho ni kubwa kupita mengine, na latuhusu sisi watu wa Katanga.

1. Uti wa mgongo ni nini?

Uti wa mgongo si mfupa mmoja. Ni safu ya mifupa midogo iitwayo pingili, kwa kuwa yafanana na pingili za muwa. Mtoto huzaliwa na pingili 33 hivi: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 za chini yake zinazoungana kuwa mfupa mmoja mtu akikomaa, na nyingine ndogo 4 hivi za mwisho kabisa. Kati ya pingili na pingili mna kisahani laini, chenye maji na nyuzi ngumu, kinachopokea mishtuko tunapotembea na tunapobeba.

Pingili haikujaa ndani kama jiwe. Nje ina ganda jembamba, na ndani ina vijiti vidogo sana vya mfupa, vilivyosukwa kama sifongo. Katika vijiti hivyo mna siri ya nguvu yake. Mtu akizeeka, na hasa mama aliyekwisha kupita umri wa kuzaa, vijiti vyapungua na vyakatika. Pingili ya kiuno ya kijana mwenye afya yaweza kuvumilia kilo 500 mpaka 800 mbele ya kupondeka. Ile ya mzee mwenye mifupa dhaifu yaweza kupondeka hata chini ya kilo 200.

Mtu asifikiri kwamba kilo 200 ni mzigo usiomfikia mzee. Tukiinama kuinua ndoo ya maji, misuli ya mgongo yavuta kwa nguvu nyingi kutuzuia tusianguke mbele, na nguvu hiyo yote yaikandamiza pingili. Ndoo ni ya kilo 20, lakini kiuno chaweza kubeba mara nyingi zaidi. Ndiyo maana bibi mzee aweza kuvunjika mgongo pasipo kuanguka, akiinua tu sufuria.

Basi waganga wauliza: twaweza kujua mbele ya ajali mgongo upi utavunjika? Swali hilo lilizaa kazi yote tutakayoieleza.

2. Wa kwanza waliopima

Kunako 1638 Galileo, mtaalamu wa Italia, aliandika juu ya nguvu ya vitu na juu ya ukubwa wa mifupa. Alionyesha kwamba mnyama mkubwa hawezi kuwa na mifupa yenye umbo lilelile la mnyama mdogo. Sharti mifupa yake iwe minene kupita kiasi cha urefu wake, la sivyo itavunjika kwa uzito wa mwili wenyewe. Galileo alitumia akili na hesabu. Mashini ya kupima mifupa hakuwa nayo.

Ilipita miaka zaidi ya 200. Wakati wa reli na madaraja ya chuma, mafundi wa Ulaya walitengeneza mashini za kuvuta na kukandamiza vyuma mpaka vivunjike, kusudi wajue nguvu yake. Mganga mmoja wa München, jina lake Otto Messerer, alitia mifupa ya watu chini ya mashini ya namna hiyo, pamoja na pingili za mgongo, akaandika matokeo yake katika kitabu cha mwaka 1880.

Nyuma ya vita kuu ya pili kazi hiyo iliongezeka. Kunako 1957 Olof Perey wa Sweden alikandamiza pingili za kiuno, akaonyesha kwamba mara nyingi kinachovunjika kwanza ni uso wa pingili, pale unapogusana na kisahani. Kunako 1960 mwenzake Alf Nachemson alipima msukumo wa ndani ya visahani vya wafu, na miaka michache baadaye wa watu walio hai waliokubali kuchomwa sindano. Kwa ajili hiyo twajua leo kwamba kukaa kwa kuinama kwaweza kuubana mgongo kupita kusimama wima.

3. Ordinatere yaingia

Kupima mfupa kwa mashini kuna kasoro moja kubwa: mfupa ukivunjika, umevunjika. Hauwezi kupimwa mara ya pili, na mtu aliye hai hawezi kupimwa hivyo hata mara moja. Wataalamu wakatafuta njia ya kupima mfupa pasipo kuuvunja.

Njia hiyo haikutoka lopitali. Ilitoka kwa mafundi wa ndege. Katika miaka ya 1950, huko Marekani, walitaka kujua bawa la ndege lingevumilia nguvu gani. Waliligawa bawa, katika hesabu tu, kuwa vipande vidogo vingi, wakahesabu nguvu ya kila kipande na ya mwenzake anayegusana naye, kisha wakajumlisha vyote. Hesabu hizo ni nyingi mno kwa mkono wa mtu, lakini ordinatere, yaani mashini ya kuhesabu, hufanya kazi hiyo pasipo kuchoka. Kunako 1972 wataalamu wa Uholanzi, Brekelmans na wenzake, walitumia njia hiyo kwa mfupa wa mtu. Kunako 1974 Belytschko na wenzake, huko Marekani, waliitumia kwa kisahani cha mgongo.

Wakati uleule chombo kingine kilitokea. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika lopitali ya Atkinson Morley huko London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha kwa chombo cha Godfrey Hounsfield, kinachoonyesha ndani ya mwili vipande kwa vipande, kama mkate uliokatwa. Twakiita sikaneri. Hounsfield alipokea zawadi ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kufikiri hesabu za jambo hilo alipokuwa akifanya kazi katika lopitali ya Groote Schuur huko Cape Town. Yafaa wasemineri wetu wajue kwamba mzizi mmoja wa chombo hiki uko Afrika.

Kwa sikaneri twaona pingili ya mtu aliye hai, na picha yaonyesha pahali ambapo mfupa ni mzito na pahali ulipo mwepesi. Kwa ordinatere twagawa picha ile kuwa vipande maelfu, twampa kila kipande nguvu yake, twaikandamiza pingili ya hesabu mpaka ivunjike. Mgonjwa mwenyewe amelala kitandani, hakuguswa. Hiyo ndiyo pingili ya mfano.

4. Kwa nini mfupa wa kweli wahitajiwa bado?

Wengine watasema: «Ikiwa ordinatere yaweza kuvunja mfupa wa mfano, mfupa wa maiti wa kazi gani tena?» Tujibu kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa katika filosofia.

Hesabu yaweza kuwa sawa katika sehemu zake zote, na bado isifanane na kitu chenyewe. Mtu akisema, «Kila ndege yaruka, mbuni ni ndege, basi mbuni yaruka», mnyororo wa maneno hauna kosa, lakini mbuni haruki, kwa sababu neno la kwanza halikuwa kweli. Ordinatere nayo hivyohivyo. Yatoa kwa uaminifu yale yaliyotiwa ndani. Aliyeitia nguvu isiyo ya kweli atapata jibu lisilo la kweli, tena lenye picha nzuri na rangi nyingi. Ndiyo maana kuna maswali mawili mbalimbali. La kwanza: je, hesabu imefanywa vema? Hilo hujibiwa na wenye hesabu. La pili: je, hesabu yafanana na mfupa? Hilo halijibiwi ila na mfupa.

Kazi huendeshwa hivi. Pingili ya marehemu hutolewa, husafishwa nyama, huhifadhiwa katika baridi ya digrii 20 chini ya sufuri. Siku ya kupima huyeyushwa polepole, nayo hushikwa na maji ya chumvi, maana mfupa mkavu hauna tabia ya mfupa mbichi. Hupigwa picha ya sikaneri. Nyuso zake mbili, ya juu na ya chini, hutiwa katika saruji maalum zipate kulala sawasawa. Kisha mashini huikandamiza taratibu, na kalamu ya mashini huandika: kwa nguvu hii ilipungua kimo hivi, kwa nguvu hii ilipondeka.

Mtaalamu mwaminifu huandika jibu la ordinatere mbele ya kuona jibu la mashini, au humpa mwingine alitunze. Tena pingili zilizotumiwa kurekebisha hesabu zisitumiwe tena kuishuhudia, maana shahidi hawezi kuwa pia mwenye kesi. Mwaka 2003 Crawford, Cann na Keaveny, huko Marekani, walitangaza kazi ya namna hiyo iliyofanywa kwa pingili 13. Walionyesha kwamba mfano wa ordinatere ulitabiri nguvu ya pingili vizuri kupita kipimo cha uzito wa mfupa peke yake. Pingili 13 si nyingi. Lakini leo waganga wa inchi mbalimbali wanategemea kazi za aina hiyo wanapomwambia mgonjwa: «Mama, mgongo wako ni dhaifu, utumie dawa.»

5. Mifupa hiyo ilikuwa ya nani?

Hapa historia inakuwa nzito.

Andreas Vesalius, mzaliwa wa Brussels, aliyeandika mwaka 1543 kitabu kikubwa cha maumbile ya mwili wa mtu, alipata mifupa yake ya kwanza kamili kunako 1536 kwa kuiondoa kwa siri pahali pa kunyongea wahalifu, nje ya mji wa Louvain. Mtu yule hakuulizwa. Karne nyingi zilizofwata, Ulaya yenyewe ilichukua maiti ya wanyongwa na ya maskini, kwa sababu hawakuwa na wa kuwasemea.

Kwetu mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kunako Desemba 1884, Emile Storms, ofisa Mbelgiji aliyejenga kituo cha Mpala kandokando ya ziwa Tanganyika, alituma watu wake wampige Lusinga, mkubwa mmoja wa Watabwa. Lusinga aliuawa, akakatwa kichwa, na fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji. Mwaka 1886 mganga Emile Houzé wa Brussels alitangaza vipimo vyake. Mpala ile ndiyo waliyoipokea Mapadri Weupe mwaka 1885, na wengi wetu tunapata ubatizo wa babu zetu katika vitabu vya misioni za upande ule. Yatupasa kujua kwamba njia ileile iliyoleta Injili ilipitisha pia sanduku lenye fuvu. Vipimo vile havikutafuta kumponya mtu yeyote. Vilitafuta kupanga watu, hawa juu na hawa chini.

Tusidhani kwamba mambo hayo yalikwisha pamoja na karne ile. Katika historia yenyewe ya pingili mna jina la Siegfried Ruff, Mjerumani. Wakati wa vita kuu ya pili alitafuta kujua kiti cha rubani kirushwe nje ya ndege kwa nguvu gani pasipo kumvunja mgongo, na vipimo vyake vya pingili vilitumiwa na mafundi miaka mingi. Mtu huyu alishitakiwa huko Nuremberg pamoja na waganga wengine, kwa sababu ya majaribio ya hewa haba yaliyofanywa mwaka 1942 juu ya wafungwa wa Dachau, ambamo wengi walikufa. Yeye aliachiliwa mwaka 1947. Tuseme haki: kesi ile haikuhusu pingili. Lakini katika hukumu yenyewe mahakama iliandika kanuni ambazo dunia yazifwata hata leo, na ya kwanza yasema kwamba ridhaa ya mtu mwenyewe ni lazima kabisa.

Miaka 5 tu baada ya hukumu ile, mwaka 1952, mganga wa Kiswisi Boris Adé alifukua huko Wamba mifupa ya Wambuti 7, akaipeleka Genève. Ilikaa huko miaka mingi. Mwisho universite ya Genève na Universite ya Lubumbashi zilipatana juu ya kuirudisha, na kunako 2022 wasanii wa Kongo na wa Ulaya walioungana katika Group50:50 walitunga mchezo wa muziki juu ya wafu hao. Basi Lubumbashi yetu haiko mbali na habari hii. Jina la mji wetu limeandikwa ndani yake.

6. Eklezia yasema nini?

Wengine hufikiri kwamba Eklezia ilikataza kabisa kupasua maiti. Sivyo. Mwaka 1299 Papa Bonifasi VIII alikataza desturi ya kukatakata na kuchemsha maiti ya waliofia mbali, kusudi mifupa irudishwe kwao kwa urahisi. Wengine walielewa vibaya barua ile. Lakini kunako 1315 Mondino alipasua maiti mbele ya wanafunzi wake huko Bologna, na kazi hiyo iliendelea katika vyuo vya inchi za Kikristu.

Neno linalotufaa zaidi ni la Papa Pio XII, tarehe 14 Mei 1956, alipoongea na waganga wa macho. Alisema kwamba kumtolea mgonjwa sehemu ya mwili wa marehemu si kosa, tena kwaweza kuwa tendo jema. Lakini maiti ya mtu si kitu kama kitu kingine, wala si kama mzoga wa mnyama. Jamaa waheshimiwe. Na aliongeza jambo ambalo sisi watu wa inchi maskini tulishike sana: si haki maiti ya maskini wa lopitali za watu wote zitumiwe na waganga bila neno, hali za matajiri haziguswi. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2301, yakubali kupima maiti kwa ajili ya elimu, na yasifu zawadi ya viungo inayotolewa bure baada ya kifo.

Tofauti basi si kati ya mfupa uliopimwa na mfupa usiopimwa. Tofauti ni kati ya mfupa uliotwaliwa na mfupa uliotolewa.

7. Migongo yetu

Twaweza kufikiri kwamba tukikataa kila kitu tutakuwa salama. Lakini tuangalie mama anayebeba gunia la makala kichwani kuelekea soko la Kenya, na kijana anayetoka shimoni na mfuko wa mawe mgongoni.

Mwaka 1986 Maloiy wa Nairobi na wenzake walitangaza habari iliyowashangaza wengi: wanawake Waluo, wanaobeba kichwani, na Wakikuyu, wanaobeba kwa ukanda wa paji la uso, waliweza kubeba mzigo wa sehemu moja ya tano ya uzito wao pasipo kutumia nguvu zaidi ya kutembea bure. Mwaka 1995 Heglund na wenzake waliendelea na kazi hiyo, wakaonyesha kwamba siri iko katika mwendo. Huo ni ustadi wa mama zetu, na elimu imeukiri. Lakini kutochoka si kutoumia. Mwaka 1968 mganga Levy, huko Salisbury, mji uitwao leo Harare, aliandika juu ya shingo za wabebaji zilizoumia. Mwaka 1997 wengine walipiga picha shingo za watu wa Sierra Leone, wakaona kwamba za wabebaji zimechakaa kupita za wasiobeba.

Mzigo gani basi ni wa halali? Miaka mingapi? Ordinatere yaweza kusaidia kujibu. Lakini mashahidi wake ni nani? Kwa sehemu kubwa ni wazee wa Ulaya na wa Marekani, waliotoa miili yao kwa wema. Mashini iliyofundishwa na kiuno cha mzee wa Sweden yaulizwa juu ya shingo ya binti wa miaka 20 wa Katuba. Itajibu, maana mashini haikatai kujibu. Lakini itakuwa ikisema mahali ambapo haina shahidi.

Huu ndio ugumu wetu, na tusiufiche. Waliotwaa mifupa ya wazee wetu kwa nguvu walitunyima kitu zaidi ya mifupa: walitunyima imani ya kutoa. Leo elimu ingehitaji zawadi yetu kwa ajili ya watoto wetu wenyewe, na sisi tunaogopa, si kwa ujinga bali kwa kukumbuka. Woga huo hauondolewi kwa kuwaita watu washenzi. Waondolewa kwa haki.

8. Mwalimu atajibu nini?

Akiulizwa siku ya kilio, mwalimu aweza kujibu hivi. Kwanza, kwamba kupima mfupa wa marehemu si uchawi wala si dhambi yenyewe, kumeponya wengi. Pili, kwamba hapana mtu awezaye kulazimishwa, wala maskini, wala asiye na ndugu. Tatu, kwamba anayetaka kutoa mwili wake aseme mapema, mbele ya jamaa yake, wapate kusikia kwa kinywa chake mwenyewe na wasigombane juu ya kaburi. Nne, kwamba jamaa wana haki ya kuuliza: mnataka nini, kwa muda gani, na mifupa itarudi lini? Mtaalamu mwaminifu hachukizwi na maswali hayo. Asiyetaka kuyajibu, asipewe.

Na sisi mapadri tuna kazi yetu. Vyuo vingi vya uganga vya Ulaya vina desturi ya kukusanyika kila mwaka kuwakumbuka waliotoa miili yao, pamoja na jamaa zao na wanafunzi. Pahali po pote katika inchi yetu patakapoanza kupokea zawadi ya namna hiyo, tusingoje kuitwa. Tuombe jina la marehemu liandikwe, tusome Misa, na mwisho wa kazi tuende kaburini pamoja na wenye mifupa yao.